MPE MWANAO SIKIO KABLA YA KUMPA MSHALE

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yupo kijana anayejifunza kupiga filimbi. Hatusemi ile ya mwamuzi wa mpira, bali filimbi ya muziki: ya mwanzi, ya plastiki kama zile za shuleni, au ya chuma ipigwayo katika bendi. Kama yupo, bila shaka umekwisha kumwona akiegemeza simu ukutani, akipuliza, na kukodolea macho mshale unaoyumba katika kioo. Mshale ukisimama katikati, hufurahi. Ukiegemea kushoto au kulia, hukunja uso na kuanza upya.

Yafaa sisi wazazi tujiulize: je, mtoto huyu anajifunza muziki, au anajifunza kutazama mshale? Swali hili si dogo. Kijana anayeambiwa na mashine kila siku kwamba amekosea aweza kuiweka filimbi chini moja kwa moja, asipate mtu wa kumweleza kwamba mara nyingine aliyekosea si yeye.

MSHALE UNAPIMA NINI?

Kipimasauti cha elektroniki huusikiliza mlio, huhesabu mitetemo yake kwa sekunde, kisha huulinganisha na ngazi ya sauti kumi na mbili iliyowekwa ndani yake. Msingi wa ngazi hiyo ni sauti iitwayo la, yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Tarakimu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939. Kabla ya hapo Ufaransa, kwa mfano, ilikuwa imejiwekea mitetemo 435 tangu mwaka 1859.

Kila hatua moja ya ngazi hiyo, yaani nusutoni, imegawanywa sehemu 100 ziitwazo senti, kama ilivyo shilingi yetu. Kipimo hicho cha senti tumekipata kwa Mwingereza Alexander Ellis, ambaye mwaka 1885 alichapisha uchunguzi wake juu ya ngazi za muziki za mataifa mbalimbali. Alihitimisha kwamba ngazi ya muziki duniani si moja. Watu mbalimbali wamejitengenezea ngazi mbalimbali. Tena Ellis mwenyewe hakuwa na sikio zuri la muziki. Alimtegemea Alfred Hipkins, mtaalamu wa piano, asikilize kwa niaba yake. Basi hata senti, ambazo leo mshale huzihesabu kwa haraka, zilizaliwa kwa msaada wa sikio la mtu.

Kipimasauti cha mkononi chenye mshale kilitolewa na kampuni ya Korg ya Japani mwaka 1975. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu za simu, na nyingi hupatikana bila malipo. Ndiyo maana mshale umeingia hata katika nyumba isiyo na mwalimu wa muziki.

BARAGUMU LA KIRONGOZI

Ili tuone watu walivyopatana sauti kabla ya mshale, twende Tabora. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Richard Burton, aliyefika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, alieleza katika maandishi yake jinsi kirongozi alivyotangulia na bendera, na jinsi baragumu na ngoma zilivyouamsha na kuuongoza msafara. Nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliimba kwa kupokezana huku mizigo imewakaa mabegani.

Tulifikirie baragumu hilo. Ni pembe ya mnyama, haina matundu ya vidole. Anayelipuliza hupata sauti zaidi ya moja kwa kubana midomo na kuongeza pumzi tu. Sauti hizo hazikuchaguliwa na mtu. Zinafuata ngazi ya maumbile, ambayo imo katika pembe, katika mwanzi, na hata katika koo la mwimbaji.

Sasa njoo Ugogo, katikati ya njia hiyo hiyo. Muziki wa Wagogo, katika uimbaji wao na katika ilimba, umejengwa juu ya sauti hizo za maumbile. Hayati Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 katika mkoa wa Dodoma na kufariki mwaka 2003, aliufikisha muziki huo katika majukwaa ya dunia kwa ilimba, zeze, filimbi na sauti yake. Iweke simu mbele ya muziki wa namna hiyo uone. Sauti ya tano katika ngazi ya maumbile iko chini kwa senti 14 kuliko sauti ya piano iliyo jirani nayo. Sauti ya saba iko chini kwa senti 31. Mshale utaegemea kushoto na kusema kwamba Mgogo amekosea. Mgogo hakukosea, ni mshale usiojua Kigogo.

Ukifika pwani mambo ni hayo hayo. Taarabu ya Unguja iliyofuata mapokeo ya Kiarabu inazo sauti zinazokaa baina ya hatua mbili za piano. Mpiga nai akizipiga sawasawa, mshale hauna mahali pa kuziweka. Hatari iko hapa: fundi wa filimbi za mwanzi akianza kutoboa matundu ili kuuridhisha mshale, ngazi ya wazee itapotea kimya kimya, wala hapatakuwa na mtu aliyeamua kwamba ipotee.

ASUBUHI YA BARIDI, MCHANA WA JOTO

Hata kwa wale wapigao muziki wa ngazi ya piano, filimbi ina tabia ambayo mshale hauwezi kuiondoa. Sauti yake hutokana na hewa iliyomo ndani, na mwendo wa sauti hewani hubadilika kwa joto: mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20, mita 349 katika nyuzi 30. Hewa ya ndani ya filimbi ikipanda joto kiasi hicho, mlio hupanda kwa karibu senti 30, yaani karibu theluthi ya nusutoni.

Wakazi wa Tabora wanayajua majira yao: asubuhi ya Julai mtu huvaa sweta, na mchana hutafuta kivuli cha mwembe. Filimbi iliyopimwa alfajiri haitakuwa ile ile saa nane mchana. Zaidi ya hayo, nyuzi za chuma za gitaa hulegea kwa joto na mlio wake kushuka. Gitaa linashuka, filimbi inapanda, na waliopatana asubuhi wanaachana mchana. Atakayegundua mapema ni mwenye sikio, maana hakuna apigaye muziki jukwaani huku amekodolea simu.

Pumzi nayo ina lake. Ukipuliza kwa nguvu sauti hupanda. Ukipuliza kwa upole hushuka. Ukielekeza pumzi chini au kulifunika tundu zaidi kwa mdomo, hushuka, ukilifunua, hupanda. Mpigaji hodari huyarekebisha haya katika kila sauti, pengine kwa muda mfupi kuliko sekunde moja. Jicho likiusubiri mshale, sauti imekwisha pita.

Tabora inao urithi wa masikio ya namna hiyo. Ndiyo iliyotupa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi zilizojipatia sifa nchini kabla simu ya kupimia sauti haijafikiriwa. Tena Tabora inayo nta, kutokana na nyuki wa misitu yake ya miombo. Tundu la filimbi ya mwanzi likiwa na mlio wa juu mno, fundi hulipunguza kwa nta kidogo. Likiwa na mlio wa chini, hulipanua kwa kisu. Hulipuliza, husikiliza, huongeza, hupunguza, hata liseme anavyotaka.

MSHALE USITUPWE

Ndugu msomaji, hatusemi simu itupwe. Mshale unafaa kwa kazi tatu. Kwanza, kuipata sauti moja ya kuanzia ili bendi nzima ipatane nayo. Pili, kumwonyesha mwanafunzi sauti korofi za filimbi yake, kwa kuwa kila filimbi inazo. Tatu, kuhakikisha kile ambacho sikio limekwisha kukisema. Aitwe kama shahidi. Asikalie kiti cha hakimu.

Hapa tunaleta mazoezi ambayo familia yaweza kuyafanya kwa dakika kumi kila jioni, bila gharama:

1. Mtoto aimbe sauti kwanza, ndipo aipulize. Asichoweza kukiimba ni vigumu kukipatia.

2. Pata sauti moja ya kudumu, kutoka kwa mtu wa pili mwenye filimbi au kutoka katika simu. Mtoto apulize sauti ile ile juu yake. Zikikaribiana bila kupatana, atasikia mlio ukivimba na kunywea. Sauti ya mitetemo 440 na ya 443 zikipigwa pamoja, mlio huvimba mara tatu kwa sekunde. Atengeneze mdomo na pumzi hadi mtikisiko huo upungue, kisha utulie kabisa.

3. Akiisha kuweza, apige sauti nyingine juu ya ile ya kudumu, asikilize zinapokaa pamoja kwa raha.

4. Afumbe macho, apulize, na kusema mwenyewe: iko juu, iko chini, au imekaa. Ndipo afumbue macho na kuutazama mshale.

5. Wakiwa wawili, wabadilishane: mmoja asimame imara, mwingine amfuate.

Zoezi la nne ndilo lenye faida kubwa. Wiki za kwanza mshale utamsahihisha mara nyingi. Baadaye utamsahihisha mara chache, na siku moja atasema, "Iko chini kidogo," mshale nao uitikie. Siku hiyo ujue kwamba kipimasauti kimehamia kichwani mwake. Huko hakihitaji betri, wala hakiwezi kuibwa katika basi.

Wazazi wengi hujinyima ili mtoto apate chombo cha muziki. Tusiishie hapo. Tuketi naye hizo dakika kumi, tuimbe ile sauti moja aifuate, hata kama sauti zetu wenyewe si nzuri. Wapagazi wa njia ya Tabora hawakuwa na simu, na kila mmoja alikuwa na mzigo wake. Lakini kirongozi alipoanza wimbo, walimsikiliza, wakampokea, wakafika.