CHOKAA JICHONI: MAJI KWANZA, SAFARI BAADAYE



Msimu wa karafuu ukikaribia, wengi wetu hutengeneza sakafu za kuanikia. Nyufa huzibwa, simenti hukorogwa, na kuta za ghala hupakwa chokaa. Kwa kuwa kazi hii tumeizoea, twaifanya bila hadhari. Basi yafaa tuseme wazi: katika vitu vinavyoweza kumrukia mkulima jichoni, chokaa ni katika vilivyo vibaya kabisa, na simenti mbichi ni ndugu yake.

Chokaa si mgeni Mafia. Majumba ya Kua, kule Juani, yaliungwa kwa chokaa, na matumbawe yalikuwa yakichomwa kisiwani hata katika miaka ya 1990. Kila aliyesimama karibu na tanuri ameona jinsi chokaa mpya inavyochemka yenyewe ikimwagiwa maji.

Kwa nini izidi maji ya betri ya gari? Asidi ya betri huligandisha jicho kwa juu, kama ute wa yai katika maji ya moto, na mara nyingi ule ugandaji huizuia kidogo isipenye. Chokaa haizuiliki hivyo. Huyeyusha mafuta yaliyomo katika ngozi ya jicho, kama kostiki inavyogeuza mafuta ya nazi kuwa sabuni, ikazidi kuingia. Kwa dakika chache tu yaweza kufika ndani ya jicho. Tena chembe zake hujificha chini ya kope la juu na kuendelea kuunguza.

Kwa hiyo mtu wa Bweni asipakiwe kwenye pikipiki kwenda Kilindoni na chokaa yake jichoni. Aoshwe pale pale alipo. Maji ya kisima yatosha, hata kama hayakuchemshwa. Kungoja maji bora ni hasara. Mlazeni, kichwa kielekee upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie katika jicho zima, mfungueni kope kwa vidole hata akipiga kelele, na mmiminie maji polepole bila kukoma kwa muda wa nusu saa. Ayazungushe macho huku na huku. Chembe zinazoonekana zitolewe kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa.

Wako watakaosema ndimu huiua chokaa. Msimtie. Ni kuongeza kidonda juu ya kidonda. Wala maziwa ya mama, wala mkojo, wala mafuta ya nazi. Wazee wetu watusamehe, lakini dawa hizi zimewapotezea watu wengi muda, na zaweza kuingiza vijidudu katika jicho ambalo limekwisha kuchubuka.

Jambo moja huwadanganya watu. Jicho jekundu lenye maumivu makali huwatisha, na jicho lililobaki jeupe huwatuliza. Mara nyingi ni kinyume: weupe ule waweza kuwa dalili kwamba mishipa ya damu imeungua, na maumivu yakipungua upesi huenda hisia zimekufa. Mgonjwa wa namna hiyo akimaliza kuoshwa asicheleweshwe hata kidogo.

Maji hayo hayo ndiyo huduma ya kwanza kwa utomvu wa mnyaa unaomrukia mtu akipunguza ua, kwa mafuta ya makonyo, kwa dawa ya magugu, na kwa salfa ya wale wanaopuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga.

Mwendapo hospitali ya wilaya Kilindoni, chukueni mfuko au chupa ya kitu chenyewe, na mwambieni daktari saa kilipoingia na muda mliosha. Jicho likihitaji mtaalamu, atapelekwa Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT. Na siku ya kukoroga, ndoo moja ya maji safi iwekwe kando, isiguswe na fundi wa simenti.