Joto, Adui wa Kompyuta ya Kituo
Ndugu askari, kompyuta izimikapo ghafula usiku wa zamu, hupoteza taarifa isiyokwisha kuhifadhiwa. Batsinda, mjini Kigali, ipo zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo feni ileile huondoa joto pungufu. Vumbi likiziba matundu, taabu huzidi. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikaribiapo nyuzi 100, na joto lisipopungua mashine hujizima. Basi tuizime, tuchomoe waya, tupanguse vumbi kwa brashi. Tena tuchunguze kisanduku cha umeme: vipuri vikila wati 300, cha wati 300 hakitoshi, twahitaji cha 450. Bunduki husafishwa kabla ya lindo. Kompyuta nayo isisahauliwe.