Rupia ya Mjerumani: kweli au uzushi?

Kama umekaa Sumbawanga, hadithi hizi umezisikia: sokoni, kwenye basi la Kasanga, hata msibani. Tuzipime.

"Wajerumani walifukia masanduku ya rupia Kasanga." Haina mashiko. Ngome walikuwa nayo, mji ukiitwa Bismarckburg, na Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, walitoroka usiku kupitia ziwani. Lakini hayo masanduku yangetoka wapi? Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu hazifiki, serikali ikachapa noti za dharura. Mwaka huohuo karakana ya reli Tabora ilikuwa ikigonga sarafu za heller 20 kwa shaba. Fedha ya kufukia hawakuwa nayo. Waliokuwa nayo ni babu na bibi zetu: noti hawakuziamini, wakaficha rupia walizozitafuta kwa jasho, kodi ya nyumba ikiwa shingoni tangu 1898. Chungu cha rupia kikiibuliwa na jembe leo, mimi nitaamini kwanza ni akiba ya Mfipa, si hazina ya askari.

"Ina zebaki nyekundu, inavuta mchele." Uzushi mtupu. Rupia moja ina gramu 11.66, karibu asilimia 92 ni fedha, iliyobaki shaba. Haivuti hata punje. Akija mtu anayetaka umpe hela ya "kupima" kwanza, mfungulie mlango aende.

"Rupia yoyote ni mamilioni." Si kweli. Nyingi ni za kawaida. Inayosakwa hasa ni ya rupia 2, ya 1893 na 1894.

"Isipong'arishwa, haiuziki." Si kweli, na hili linaniuma. Jivu na mchanga vinakwangua sharubu za Kaisari Wilhelm II na tai aliyetua juu ya kofia yake, na mkusanyaji huanza kutazama hapohapo. Weusi ule umeletwa na salfa, ya moshi wa jikoni pia. Uache.

"Fedha hujulikana kwa mlio." Kweli, wazee walijua. Idondoshe juu ya jiwe laini: fedha hulia kwa sauti nyembamba inayokawia, ya risasi hutoa kishindo na kunyamaza. Halafu mpelekee sonara aipime uzito. Mwisho igeuze usome mwaka: za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, hadi 1902, zina simba na mtende, kuanzia 1904 simba hayupo. Ukiletewa yenye simba na mwaka 1910, mrudishie mwenyewe.