Mche wa mchungwa "usiougua": soma hapa kabla hujatoa hela

Kila msimu swali ni lile lile: "Afisa, nitapata wapi mchungwa usioshikwa na grining?"

Tuanzie Florida, Marekani, ambako ugonjwa huu uligunduliwa mwaka 2005. Bakteria wake husambazwa na kidudu anayefyonza utomvu, kisha mishipa inayopeleka chakula mizizini inaziba. Matunda yanabaki madogo, yamepinda na machungu. Ndani ya miaka 20 hivi, mavuno ya machungwa huko yameshuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Katikati ya hasara hiyo, chenza iitwayo Sugar Belle, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Florida mwaka 2009, iliendelea kuzaa. Ina nini? Watafiti walichukua majani yake na ya aina nyingine, wakatoa kemikali zilizomo, wakazipitisha kwenye mashine inayotenganisha na kupima kila moja. Ni kama kipimo cha damu, ila kwa mti. Wakakuta Sugar Belle ina thimoli nyingi, kemikali inayojulikana kwa kuua bakteria.

Faida yake ni muda. Mche mpya wa mbegu huchukua miaka kabla ya kuzaa, lakini jani lipo mapema. Mtafiti anachuja miche kwa kuangalia majani, halafu ile michache yenye dalili nzuri ndiyo inajaribiwa shambani. Uamuzi wa mwisho unabaki kwa shamba.

Sasa shika hili: kuvumilia siyo kutougua. Sugar Belle nayo inaambukizwa, ila inaendelea kuzaa. Ukiipanda karibu na michungwa ya kawaida, inaweza kuwa chanzo cha maambukizi.

Na kwetu je? Grining ya Kiafrika ipo siku nyingi kwenye maeneo ya baridi, na kidudu wa Kiasia anayehimili joto ameshaonekana Tanzania na Kenya. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii haiugui kabisa", shtuka. Muulize vikonyo vimetoka mti gani, na mti huo ulipimwa wapi. Nunua miche iliyobebeshwa kwenye kitalu kilichosajiliwa. Kagua machipukizi kila wiki, maana kidudu hutaga hapo. Ukiona jani lina mabaka ya manjano yasiyolingana kulia na kushoto, usikate kikonyo kwenye mti huo. Mpigie afisa ugani wako siku hiyo hiyo.