Kumnunulia Rafiki Risiva ya Sauti: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Chukua mfano wa mkazi wa Bungoma anayemtumia rafiki yake aliye Kitale pesa kwa simu ili amtafutie risiva ya bei nafuu. Rafiki analipa, anaipakia kwenye matatu inayopitia Kiminini na Webuye, na jioni mtambo unachomekwa Bungoma. Unatoa moshi. Pesa zimekwenda, na huenda urafiki nao ukaingia doa. Ukaguzi wa dakika chache dukani ungezuia hasara hiyo.

Risiva ya sauti si king'amuzi. King'amuzi huleta vituo vya televisheni; risiva hupokea sauti kutoka kwa televisheni, king'amuzi au simu, huikuza na kuigawa kwa spika. Alama ya 5.1 humaanisha spika tano na wufa moja. Kwa sebule ndogo, 2.1 hutosha, kwani spika mbili nzuri hushinda tano hafifu.

Umeme. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Mitumba iliyotengenezewa soko la Marekani hutumia volti 120, na ya Japani volti 100. Ikichomekwa moja kwa moja, huungua. Mnunuzi asome kibandiko kilicho nyuma ya mtambo: 220–240V au 100–240V ni sawa. Ikiwa ni 120V pekee, itahitaji transfoma, na bei yake ijumlishwe kabla ya kusema mtambo ni rahisi.

Wati. Maandishi makubwa ya PMPO kwenye katoni ni ya kuvutia wateja. Kipimo cha kuaminika ni RMS, yaani nguvu ambayo mtambo hutoa mfululizo. Pia tazama wati za umeme unaotumika, zilizoandikwa nyuma. Mtambo unaovuta wati 60 hauwezi kutoa wati 1,000 mfululizo, hata katoni iseme nini.

Spika. Ikiwa risiva imeandikwa ohm 6 hadi 8, isiunganishwe na spika za ohm 4. Itapata joto kupita kiasi, na inaweza kujizima au kuharibika.

Matundu. Rafiki wa Bungoma apige picha ya nyuma ya televisheni yake na kuituma. Picha hiyo itaonyesha kama kuna HDMI yenye maandishi ARC, tundu la optiki, au matundu ya waya nyekundu na nyeupe. Risiva lazima iwe na tundu linalolingana. ARC hufanya kazi ikiwa iko pande zote mbili.

Majaribio. Mtambo uwashwe dukani kwa nusu saa hivi. Kila spika isikizwe peke yake, rimoti ijaribiwe, na harufu ya kuungua au mvumo usiokoma uchukuliwe kuwa onyo. Kwa bidhaa mpya iliyotoka nje, nambari ya kibandiko cha KEBS inaweza kuthibitishwa kwa kutuma ujumbe mfupi kwa 20023.

Risiti. Iandikwe jina la modeli, nambari ya mtambo na muda wa waranti. Marafiki nao wakubaliane mapema kuhusu kiwango cha juu cha bei, na nani atalipa nauli mtambo ukirudishwa.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, maelezo anayohitaji na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaipa haki hiyo nguvu. Anayekataliwa na muuzaji apeleke risiti na mtambo katika afisi ya biashara ya kaunti alikonunua. Kwa mfano huu, hiyo ni Trans Nzoia, wala si Bungoma.

Mtambo ukifika salama, majirani nao wakumbukwe. Kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango kinachoruhusiwa katika makazi hushuka. Mawingu ya mvua yakitanda, mtambo na waya wa antena vichomolewe, kwa kuwa radi ni ya kawaida katika eneo hili, na kifaa kilichozimwa lakini bado kimechomekwa kinaweza kuungua.