Boda yako inabugia mafuta? Usimrukie fundi kabla ya kusoma hii

Umetoka Migori mjini asubuhi, tanki imejaa. Umepita Awendo, ukafika Rongo, ukakata kushoto kuelekea Rodi Kopany hadi Homa Bay. Ukifungua tanki pale karibu na ziwa, petroli imeshuka vibaya na hesabu ya siku bado haijatimia. Nani kaila?

Mmoja wa wezi wako anaitwa msuguano. Pistoni inasugua silinda, cheni inasugua spoketi, beringi nazo zinazunguka zikipata joto. Joto hilo ni pesa yako inayopotea hewani. Mwaka 2017, watafiti Kenneth Holmberg na Ali Erdemir walikadiria kwamba karibu asilimia 20 ya nishati yote inayotumika duniani huishia kushindana na msuguano. Yaani katika kila shilingi 100, 20 zimeenda hivyo.

Kwa vitu vikubwa, sheria yake ni ya zamani. Mfaransa Guillaume Amontons aliieleza mwaka 1699: uzito ukiongezeka maradufu, msuguano nao hivyo hivyo. Mvuvi wa omena hahitaji kuambiwa. Jaribu kuburuta mashua mchangani ikiwa imejaa, kisha uiburute ikiwa tupu.

Lakini ukishuka hadi kwenye atomi, mambo yanageuka.

Chukua mabati mawili ya mawimbi, uyapange moja juu ya jingine. Mabonde yakiingiana, sukuma la juu kwa upande uone: limenasa, halisogei. Sasa linyanyue, uligeuze kidogo, ulirudishe. Mawimbi hayaingiani tena, bati linakaa juu ya migongo tu na linateleza bila shida. Uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni mpangilio.

Ndivyo ilivyo kwa grafaiti, ile kitu nyeusi ndani ya penseli yako. Ni tabaka za atomi za kaboni zilizojipanga kama sega la nyuki. Mwaka 2004, Martin Dienwiebel, Joost Frenken na wenzao kule Leiden, Uholanzi, waliburuta kipande kidogo mno cha grafaiti juu ya grafaiti nyingine. Atomi zilipolingana, kilikwama kwama. Walipokigeuza pembe, msuguano ukakaribia kutoweka. Kila baada ya nyuzi 60, ukarudi. Mwaka 2012, watafiti wa Uchina wakaonyesha utelezi huo kwa vipande vya mikromita kadhaa, ambavyo bado ni vyembamba kuliko unywele wako.

Utauliza, basi mbona injini yangu haijapakwa hiyo kitu? Kwa sababu pistoni si kipande cha mikromita. Uso wake una mikwaruzo, kuna vumbi, kuna uchafu, na atomi zake hazijajipanga sawasawa kila mahali. Kasoro chache tu zinatosha kuharibu utelezi huo. Kutoka maabara hadi barabara ya Rongo bado kuna safari.

Kwa sasa, silaha yako ni oili. Inaweka utando kati ya chuma na chuma ili visigusane. Ukiichelewesha mpaka iwe nyeusi tititi, unalipa mara mbili: petroli leo, pistoni kesho. Cheni nayo isikauke, na tairi zisikae na upepo nusu.

Ila usije ukauchukia msuguano wote. Tairi inashika lami kwa sababu yake, na breki inakusimamisha kwa sababu yake. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kati ya tairi na lami, na mshiko unapungua. Punguza mwendo, bro. Na ukipaka cheni oili, hakikisha hata tone moja halifiki kwenye breki. Hapo ndipo utelezi unaua, wewe pamoja na abiria uliyembeba.