Unasaka Keja Nairobi? Piga Hesabu ya Nauli Kabla ya Kodi

Kila mwisho wa mwezi ni sinema ile ile. Mkokoteni umebeba godoro, meko na sufuria, na nyuma yake kuna msee amebeba TV kama mtoto mchanga. Ukimuuliza mbona anahama, atakushow kodi imepanda. Mara nyingi si kodi. Alichagua mtaa ambao haumfai.

Hata mimi nilinaswa. Nilipata bedsita Rongai kwa 6,500, safi, maji yapo, nikajua nimeokota. Jobo ilikuwa Westlands. Sasa hesabu na mimi: mathree mbili asubuhi, mathree mbili jioni, tuseme 300 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 7,800. Nauli imepita kodi! Na hapo bado sijaweka siku za mvua, makanga wakijipandishia bei, ama zile jioni unatoka tao saa kumi na mbili na unafika kwako saa tatu umechoka hata ugali huwezi songa. Wenzangu wa Kangemi walikuwa wanakuja job kwa mguu.

Kwa hivyo swali la kwanza si mtaa gani uko na mbogi poa. Ni saa mbili asubuhi unafaa kuwa wapi, na usiku unarudi saa ngapi. Kama unafanya Industrial Area, South B iko hapo tu kando. Kama ni tao, Thika Road inabeba watu wengi kwa sababu: tangu ipanuliwe 2012, mathree za Roysambu, Zimmerman, Kasarani na Githurai hazikosi, hata ukichelewa. Lakini Roysambu ina wanafunzi wa USIU na vilabu, muziki hauzimwi mapema. Kama unapenda sherehe, karibu nyumbani. Kama ni wewe wa kufanya kazi usiku na kulala mchana, utalia.

Kuna wasee wa laptop pia, wale hawaendi ofisini. Nyinyi mnalipia Kilimani kwa nini? Kwenu cha maana ni stima isiyopotea na intaneti ya waya. Ruaka, Syokimau ama Kitengela zinaweza kukupa nafasi kubwa kwa pesa ile ile, na Syokimau kuna treni ya kukuleta tao siku ukihitajika. Ila onja maji kwanza. Huko maji mengi ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu na chai inabadilika ladha. Ukianza kununua ya kunywa kila wiki, weka hiyo kwa hesabu pia.

Halafu Pipeline. Watu huicheka lakini kodi ni ya chini, na ukifanya kazi Embakasi ama airport uko sawa. Shida ni maghorofa yamebanana hadi nyumba za chini hazijui jua. Ukienda kuona nyumba saa nane mchana na keateka anawasha taa kwanza kabla mwingie, jua tokeni zitakumaliza na nguo zako zitakauka Jumanne ijayo.

Usiende mchana pekee. Rudi saa tatu usiku, shuka kwa steji, tembea hadi kwa geti ukihesabu taa za barabarani. Madada wanaotoka job usiku, hii msiruke. Ile njia ya dakika kumi yenye giza utaipita kila siku. Kama mvua imenyesha, hata afadhali. Mafuriko ya 2024 yaliingia kwa nyumba za watu waliohamia wakati wa jua, kando ya mto, hawakuuliza chochote.

Na wa kuuliza si keateka, yeye anataka nyumba ijae. Nunua sukuma kwa mama mboga wa hapo chini, muulize kwa heshima: maji hufika siku gani? Stima hupotea sana? Aliyekuwa kwa hiyo keja alihama mbona? Huyo atakuambia yote, hata majina.

Pesa ya dipositi isitoke kabla hujaingia ndani ya nyumba yenyewe na kufungua mfereji. Wale wa "tuma thao moja ya kuona nyumba" kwa Facebook, waache wangoje.